Msomaji Hajala

Mhariri wangu hajui salamu. Yuko Dar es Salaam, mimi niko Mbeya, na tangu tuanze kazi tumeonana kwa simu tu. Simu ikiita, ukipokea, unamkuta ameshafika katikati ya jambo, kama mtu aliyeingia nyumbani kwako kupitia dirishani.

"Mwalimu, mwanzo wako umelala," aliniambia mara ya kwanza. "Ukurasa mzima ni bonde la Usangu. Maji, nyasi, ng'ombe, ndege. Msomaji anatafuta mtu, wewe unampa ng'ombe. Anza na tukio."

Anza na tukio! Aniambie mimi, niliyefundisha Kiswahili sekondari mpaka mvi zikanitoka. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili ukiwapa insha ya ajali barabarani, watakuandikia walivyoamka, wakapiga mswaki, wakanywa chai na maandazi, wakamuaga mama, na kengele ya kumaliza kipindi inalia ajali haijatokea. Kwa miaka nimekuwa nikiwaandikia pembeni kwa wino mwekundu: Anza na tukio. Sasa maneno yangu mwenyewe yalikuwa yananirudia kutoka kwa kijana ambaye ningeweza kuwa nimemfundisha. Mganga hajigangi, najua, lakini sikupenda kukumbushwa.

Kitabu kilimhusu baba. Baba alikuwa Mhehe aliyeshuka kutoka Iringa akiwa kijana, akalima mpunga kwenye majaruba ya Ubaruku, bondeni Usangu, maisha yake yote, akafia huko huko. Hakuwa diwani wala mzee wa kanisa. Alikuwa mtu wa matope na utani mwingi, na nilitaka abaki mahali fulani, hata kama ni kwenye rafu ya duka la vitabu. Mhariri alinipa mpaka mwisho wa mwezi nirekebishe ukurasa wa kwanza, ili muswada uende kwenye kikao chao cha kuchagua vitabu vya mwaka.

Nikakaa kuandika. Ilikuwa mwezi wa sita, na mwezi wa sita Mbeya chai hupoa kabla hujaamua uandike nini. Nikaanza na mvua. Mhariri akasema kila mtu anaanza na mvua. Nikaanza na mikono ya baba iliyopasuka. Akasema mikono ya wazazi wetu imeandikwa mpaka imechoka. Nikaanza na methali. Hapo alicheka tu, na kicheko kile kiliniuma kuliko yote. Mwenzangu wa ofisi ya walimu, anayefundisha baiolojia na ambaye sijawahi kumwona na kitabu kisichokuwa na picha ya utumbo, akanishauri nianze baba alipozaliwa, "ili mtiririko ukae vizuri." Nilimshukuru. Moyoni nilikuwa nimeshamrushia chaki.

Mwishowe nikachoka na ustaarabu. Nikaandika: "Baba yangu alikufa ndani ya jaruba, jembe likiwa bado mkononi." Nikaituma ile sentensi peke yake, kwa hasira, bila hata kusema mimi ni nani.

Mhariri akapiga papo hapo. "Hiyo!" akasema. "Hiyo hiyo. Usiiguse."

Nilifurahi, sitaficha. Lakini kulikuwa na kazi moja iliyobaki. Nilimwahidi mama kwamba hakuna neno litakalochapishwa kabla hajalisikia. Macho yake hayasomi tena, kwa hiyo ilibidi nimsomee mwenyewe. Hatukuandikishana popote, lakini mama ninaye mmoja, na nisingeweza kuwauzia wageni kitabu cha mume wake ilhali yeye mwenyewe amekikataa. Akisema hapana, kitabu hakuna. Hilo nililijua nikiwa napakia begi la kwenda Iringa, na wala halikunitisha, kwa sababu sikuona angekataa nini.

Baada ya msiba mama alirudi kwao, nje kidogo ya Iringa mjini, kwenye nyumba yenye kibaraza kinachopata jua asubuhi. Nilimkuta hapo na sweta lake, anachambua maharage kwenye ungo kwa vidole, maana vidole vyake ndivyo vinavyoona siku hizi. Tukasalimiana kamwene, salamu ya Kihehe, kwa urefu wake wote, akaniuliza habari za watoto, za shule, za baridi ya Mbeya, za jirani yangu aliyefanyiwa upasuaji, za mbuzi wa jirani yangu. Nikajibu yote. Kisha nikafungua karatasi, nikasafisha koo, nikasoma sentensi yangu.

Mama akaweka ungo chini, akainuka, akaenda nyuma ya nyumba kuangalia kuku. Kuku hawakuwa na tatizo lolote.

"Mama, sijamaliza," nilimfuata nikisema.

"Umeshamaliza. Umesema amekufa. Kuna nini tena?"

"Huo ni mwanzo tu, mama. Mwanzo lazima umkamate mtu."

"Umkamate, kwani mwizi?" Akaendelea kuwahesabu kuku kwa kuwagusa migongo. "Mtu wa watu anafungua hiyo kitabu yako, hajakaa, hajala, hajanywa hata maji, wewe unamtupia maiti pale pale mlangoni. Nani amekufundisha? Sisi hatuambianagi hivyo."

"Baba alikufa, mama. Kila mtu anajua alikufa."

"Basi kama wanajua, wape wale wanaojua. Mimi usinisomee."

Kesho yake nilijaribu tena, na safari hii nilimwahi kabla hajashika ungo. Aliinuka pale pale kwenye neno "alikufa". Nikarudi Mbeya na begi langu, na kichwa kinanigonga. Mtu wa Dar es Salaam hataki sentensi nyingine yoyote, na mtu wa Iringa hataki kuisikia hiyo. Mimi nilikuwa katikati, kama Makambako kwenye njia panda yake.

Sasa nieleze kwa nini niling'ang'ania, maana haikuwa kwa ajili ya mhariri peke yake. Huko kwetu habari ya kifo haisemwi njiani, wala haisemwi kwa mtu mwenye njaa. Kwanza atafutwe mtu wa kukaa naye. Kwanza anywe maji. Kwanza ale, kwa sababu akishaambiwa hatakula tena mpaka kesho kutwa. Ni utaratibu wa upendo, kila mtu atakwambia. Mimi naweza kukuelezea upendo huo ulivyo ukiwa umekaa upande wa pili wa simu.

Siku aliyokufa baba, baba mdogo alinipigia kutoka Ubaruku. Baba mdogo ni mdogo wa mwisho wa baba, na kwa kawaida hupiga simu ya kukatika tu ili mimi ndiye nimpigie. Siku hiyo alipiga mwenyewe, na salio akawa nalo. Akanisalimia. Akauliza kama mvua zinanyesha Mbeya. Nikasema zinanyesha. Halafu akauliza, "Umekula?"

"Bado, baba mdogo. Kuna nini?"

"Aa. Basi kula kwanza. Nitapiga baadaye."

Akakata. Nikampigia, hapokei. Nikapiga tena, hapokei. Nilikuwa peke yangu jikoni na sufuria ya viazi vilivyokuwa ndiyo kwanza vinaanza kuchemka. Mtu aliyelelewa nyumbani kwetu akiulizwa umekula kwa sauti ile, anajua. Nilichokuwa sijui ni nani. Mama alikuwa Iringa anamuuguza dada yake aliyevunjika mguu, na baba alikuwa shambani. Mmoja wao. Na jibu lilikuwa upande wa pili wa viazi vile.

Nikavisubiri viive. Nikavimenya vikiwa vya moto, nikavila kwa chumvi nimesimama, huku nalia na kutukana. Simu ikaita.

"Umeshakula?"

"Nimekula!"

"Umekula nini?"

"Viazi!"

"Na chai?"

"Baba mdogo, nani amekufa?"

Akasema, kwa sauti ya mtu niliyemkosea adabu, "Sasa wewe mbona unaharakisha mambo?"

Tangu siku hiyo viazi vya kuchemsha siviwezi, na kwa mtu anayeishi Mbeya hiyo ni adhabu. Nilipoandika sentensi ile nilikuwa namjibu baba mdogo. Kifo chenyewe hakikupiga hodi, kwa nini mimi nipige? Nilitaka kuandika kitabu ambacho hakitamwambia mtu ale kwanza.

Kwa hiyo nilifanya ubishi. Nikaupeleka muswada kwenye kikao na sentensi yangu mbele, nikijiambia kwamba wakishaukubali, mama ataona mambo yameiva na atalainika. Mhariri alikuwa na uhakika. Alisema mara mbili kwamba mwanzo ule utawakaba koo.

Wiki zikapita. Kisha siku moja, saa ya mapumziko, niko ofisi ya walimu na chapati mkononi, simu ikaita.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema mhariri.

Nikaweka chapati chini. Hajawahi kuniamkia.

"Marahaba."

"Habari za Mbeya? Tunasikia baridi huko ni kali sana mwaka huu."

"Ni kali."

"Na wanafunzi hawajambo? Mitihani inaendeleaje?" Akakohoa. "Samahani, sijui kama nimekukuta unakula..."

"Anza na tukio!" nilipiga kelele. Mwenzangu wa baiolojia akamwaga chai kwenye madaftari ya kidato cha tatu. "Wewe si ndiye unayeanza na tukio? Anza nalo!"

Akaanza nalo, maskini, na sauti imenywea. Kikao kimekaa. Wameusifu mwanzo, wote, hakuna aliyepinga kwamba ni mkali. Ila baada ya sentensi ile hawakuona tena cha kusubiri. Mtu ameshakufa, na kurasa zote zinazofuata walijiona kama wako matangani kwa mtu wasiyemjua. Hawajaukataa muswada. Wanataka ukurasa wa kwanza mwingine, kisha watakaa tena.

"Ulisema nisiiguse," nikamwambia.

"Nilisema, Mwalimu."

"Kwa hiyo sasa nirudishe ng'ombe?"

"Hapana," akajibu haraka. "Ng'ombe hapana."

Nilichukia siku tatu, au wiki, sikumbuki, maana nilichukia wakati wote sawasawa. Nilimchukia yeye na kikao chake. Nilimchukia baba mdogo upya. Shule zilipofungwa, baba mdogo huyo huyo akatuma gunia la mchele kutoka Ubaruku nimpelekee mama, kwa hiyo nikaenda tena Iringa, safari hii bila karatasi. Sikutaka kumsomea mtu chochote. Nilitaka kushusha mchele, kulala, na kama Mungu angependa, kuacha uandishi nifuge kuku.

Nilifika mchana, nimechoka, nimejaa maneno. Kabla sijafungua mdomo mama akanisukumia sahani ya ugali na mlenda.

"Kula kwanza," akasema.

Nusura nilie. Nikala, kwa sababu mama hasikilizi mtu mwenye njaa. Nilipomaliza kunawa nikamsimulia yote: kikao, mwanzo mkali, matanga, na yule kijana aliyeninyima salamu mwaka mzima halafu siku ya habari mbaya akakumbuka shikamoo, baridi na mitihani. "Amezunguka weee, kama baba mdogo na viazi vyake!"

Mama alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Amekuheshimu," akasema. "Kumbe ana watu waliomlea huyo kijana."

"Mama, sitaki heshima. Nataka kuambiwa."

"Wewe umekuwa wa kuambiwa toka mdogo." Akavuta ungo wake. Nikajua anataka kusema kitu, maana hajawahi kusema kitu kikubwa mikono ikiwa mitupu. "Mimi waliniambia kwamba mzee anaumwa tumbo. Asubuhi ile, kwa dada yangu. Wakanipikia wali. Nani anapikiwaga wali asubuhi? Nikajua."

Nilikuwa sijawahi kusikia habari hii. Siku zote tulisimuliana kwamba mama aliambiwa alipofika, kwamba njia nzima hakujua.

"Ulijua ukiwa Iringa?"

"Nilijua nikiwa na kijiko mkononi. Mwinjilisti wa kanisa la pale akatuchukua na gari yake, mimi na mashemeji wawili. Mafinga wakaninywesha chai. Nikanywa. Hakuna aliyesema. Makambako pale wanapouza matunda nikamwambia mwinjilisti, simama, nataka nimnunulie mzee mapeasi."

Mikono yake ikasimama juu ya maharage.

"Wakashuka na mimi. Shemeji akanishikia mfuko. Nikachagua, nikachagua, wala hakuna aliyeniambia mama twende. Nikayapakata mpaka Rujewa, mpaka Ubaruku kwenyewe. Tulivyoingia uani, wanawake wakaanza kulia. Ndiyo nikayaweka chini."

"Mama," nikasema, na hasira ilikuwa bado ipo, sijui nilitegemea ingeenda wapi, "kama ulijua, mapeasi ulimnunulia nani?"

Akaniangalia na macho yake yasiyoona vizuri, kama ninavyowaangalia kidato cha pili.

"Nilijua, lakini nilikuwa sijaambiwa. Kujua ni kitu kingine na kuambiwa ni kitu kingine. Mpaka Makambako nilikuwa na mume. Watu walinipa ile njia yote niende na mume wangu. Wewe na hiyo karatasi yako unakuja kuninyang'anya kwa neno moja, mimi nimekaa kwenye kibaraza yangu."

Hata sasa sijakubali kuhusu viazi. Nadhani vilikuwa ukatili, na nimeshamwambia baba mdogo hivyo ana kwa ana, naye akaniuliza kama nimekula. Lakini jioni ile nilienda kwa jirani kuomba karatasi, mtoto wake akanichania za daftari la hesabu, nikakaa kwenye kitanda cha wageni nikaandika ukurasa mmoja bila kuuliza mtu wa Dar es Salaam anapenda nini. Haukunichukua muda. Hilo nalo liliniudhi, baada ya miezi yote ile.

Asubuhi mama alikuwa kibarazani, ungo mapajani. Nikamwambia nina kitu cha kumsomea. Hakuinuka. Nikasubiri anywe chai yake mpaka mwisho. Kisha nikasoma:

"Makambako, mama alishuka garini kumchagulia baba mapeasi, na hakuna mtu aliyemzuia."

Nikaishia hapo. Nyuma ya nyumba kuku walikuwa wanapiga kelele, na safari hii nadhani kweli kulikuwa na jambo, kicheche au kunguru. Nilimtazama miguu, kwa sababu kuinuka kwake huanzia miguuni.

"Umeandika nilichagua ya namna gani?" akauliza.

"Mazuri. Hapo mbele nimeandika ulichagua mazuri."

"Siyo mazuri. Mazuri yalikuwa magumu, nikayaacha. Baba yako meno ya upande huu yalikuwa yameisha." Akagusa shavu lake la kulia. "Nilichagua laini. Andika laini."

Nikafuta, nikaandika laini. Alisubiri mpaka aliposikia kalamu imetulia.

"Haya. Tumefika wapi?"

"Bado tuko Makambako, mama."

"Basi bado yupo," akasema, na akarudisha vidole kwenye maharage. "Soma polepole."